Kiazi ni Kiazi

Ijumaa, 4 Oktoba
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Miaka yote hii nauza viazi soko la Leeuwarden, hapa Uholanzi, leo Jildou Terpstra, aliyeanza juzijuzi tu, kanimalizia wateja! Viazi vyake na vyangu vinatoka kwa mkulima mmoja, Haitsma. Tela moja! Udongo mmoja! Ila yeye kaweka vibao: hivi vya kuponda, hivi vya kukaanga, hivi vya saladi. Tena anachemsha vichache, anawaonjesha watu na siagi. Foleni imefika kwa muuza jibini. Kwangu wamekuja njiwa. Nikampigia kelele kwamba huo ni ulaghai, kiazi ni kiazi. Akanijibu kwa upole, "Kaka Douwe, watu wanataka kujua wanapika nini." Upole! Hapo ndipo aliponichoma.

Jumamosi, 5 Oktoba
Nimewahi sokoni. Jildou alipokwenda kuegesha gari, nikabadilisha vibao. Cha kuponda kwenye saladi, cha saladi kwenye kuponda. Hakuna atakayegundua, maana kiazi ni kiazi. Na wakigundua, kwisha habari yake. Vyovyote vile nimeshinda!

Jumapili, 6 Oktoba
Chakula cha mchana: viazi vya kuponda na sukumawiki, soseji juu. Nikachota. Kijiko kikagoma kutoka. Gundi tupu! Nikamfokea mke wangu, Renske. Akanifokea zaidi: kibao kilisema vya kuponda! Kibao gani, nikauliza, ingawa nilishajua. Ananunua kwa Jildou! Mke wangu! Tangu kiangazi! Eti mimi nikiulizwa kiazi kipi kinafaa nini, nanuna tu. "Kwako ni bahati nasibu, Douwe." Nimekula sahani nzima kwa hasira. Bado imekwama kooni.

Jumatano, 9 Oktoba
Waliopata gundi, Jildou kawabadilishia viazi vyote na kuwaomba radhi. Sasa mji mzima unamsifu. Kwa kazi yangu mimi! Haitsma naye kaleta mzigo, meno yote nje. Viazi vidogo alivyokuwa akiwapa ng'ombe, Jildou anavimaliza kama vya saladi. Mwakani Haitsma analima shamba la pili, na kaajiri watu wawili. Nikamwambia anaiharibu nchi. Akasema siku hizi hata nyumba ya wazee inanunua viazi vingi kwake kuliko ninavyonunua mimi. Msimamizi wa soko naye kaja kuniuliza kama nafasi yangu bado naihitaji. Mshenzi!

Ijumaa, 11 Oktoba
Jildou kaja na rangi na brashi, eti anichoree vibao, bure, tusaidiane. Nimemfukuza. Mimi nina msimamo. Nikajichorea changu mwenyewe, kipana kama meza: HAPA HATUWEKI VIBAO. Watu wakasimama! Wakasoma! Wakapiga picha! Bibi mmoja akauliza viazi vipi vinafaa kuponda. Nikamwonyesha kibao kwa kidole. Akasoma, akavuka kwa Jildou. Nimefikiri jioni nzima, na kosa nimeliona.

Herufi ni ndogo. Kesho nang'oa mlango wa banda, uwe kibao.