Dada Niliyemwokota Mahakamani

Jumatatu, 6 Oktoba

Wakazi wote wa Belle Fontaine, walio hai na watakaozaliwa, wafahamishwe kwamba leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mkate wangu wa nazi wa mwisho ulinunuliwa, ilhali kwa Alban Redhead, ng'ambo ya barabara, ilikuwa imebaki mitatu. Niliihesabu kupitia dirisha. Mwanzoni nilihesabu minne, ila wa nne alikuwa paka.

Saa tatu furaha ikaisha. Polisi wa kituo akaleta barua. Mimi, Hesketh Modeste, mwokaji mikate, umri miaka hamsini na miwili, natakiwa Mahakama Kuu huko St. George's kesho kutwa. Nikaitumikie nchi kama mzee wa baraza, mmoja wa wale raia tisa wanaosikiliza kesi na kusema mtu ana hatia au hana. Kikao cha wiki mbili. Wiki mbili tanuri baridi.

Nikakaa juu ya gunia la unga. Ndipo nikamwona polisi yule yule akivuka barabara na bahasha ya pili, inafanana na yangu kama pacha. Alban naye kaitwa.

Nikasimama.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepiga hesabu usiku kucha, kichwani, bila kalamu. Tukienda wote wawili, kijiji kitakula biskuti. Lakini mmoja wetu akirudishwa, kijiji kizima, pande zote mbili za barabara, kitakula mkate wa mmoja kwa wiki mbili. Na midomo ikishazoea, imezoea. Swali lililobaki ni nani arudishwe. Jibu halikunichukua muda.

Asubuhi nikaenda zahanati. Nikamwambia nesi masikio yangu yamekufa, ningependa cheti. Akanipa mgongo, akapanga chupa zake, akasema kwa sauti ya chini sana kwamba zipu yangu iko wazi. Nikaangalia chini. Sikupata cheti.

Jioni nikamlalamikia Shangazi Eudine. Huyu ni dada wa marehemu baba, ana miaka themanini na mitatu, naishi naye, au yeye anaishi na mimi, tunabishana. Akasema nisimchoshe. Akasema enzi zake nusu ya waliokuwa wakiitwa walirudi nyumbani siku hiyo hiyo, maana jaji anauliza nani ana undugu na mshtakiwa, na kwenye kisiwa hiki nani hana.

Nimembusu kwenye paji la uso. Akaniuliza kama nimekunywa.

Jumatano, 8 Oktoba

Mahakamani. Tulikuwa watu kama arobaini kwenye mabenchi. Alban alivaa suti ya harusi yake. Suti ni ile ile, Alban siye. Alikuwa akipumua kwa zamu.

Karani akatugawia karatasi. Mshtakiwa, Verlyn Mapp, miaka arobaini na mmoja, mpishi wa nyumba ya wageni. Anadaiwa kumpiga tajiri yake, Bwana Crosney, kichwani kwa sufuria. Mshtakiwa anasema tajiri aliteleza kwenye ngazi akiwa amelewa. Sijawahi kumwona huyo mwanamke maishani mwangu. Jaji, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo, akauliza nani ana undugu na yeyote kati ya hawa. Wakasimama watu wanne wa upande wa Crosney. Wakaruhusiwa. Nikasimama.

Nikatazama karatasi kupata jina vizuri. Nikasema Verlyn Mapp ni dada yangu, mheshimiwa.

Jaji akauliza dada kivipi.

Nilikuwa nimekusudia binamu. Nakula kiapo nilikusudia binamu. Lakini neno dada lilikwisha kutoka bila kuniomba ruhusa, na la pili likalifuata mwenzake. Nikasema, "Kwa baba, mheshimiwa."

Alban akaacha kabisa kupumua. Yule mwanamke kizimbani, ambaye muda wote alikuwa anaangalia mikono yake, akainua uso akanitazama. Alivyonitazama siwezi kuandika leo.

Jaji akafungua faili, akalisoma kwa sauti. Mshtakiwa kalelewa na masista, hana ndugu anayejulikana. Yupo rumande miezi saba kwa kukosa wa kumdhamini. Wageni waliomtembelea, hakuna. Akavua miwani. Akasema amefarijika sana kwamba ndugu amepatikana. Mimi ninaruhusiwa kutoka kwenye baraza la kesi hii, na anategemea kuniona kwenye benchi la jamaa mpaka kesi iishe. "Kila siku, Bwana Modeste."

Alban kachaguliwa. Si hivyo tu, wenzake wamemfanya mwenyekiti wao.

Alhamisi, 9 Oktoba

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Jana jioni Shangazi Eudine alikuwa mlangoni amekumbatia picha ya baba, mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya miaka thelathini. Akasema, "Hesketh, umemzalisha baba yako akiwa kaburini." Kisha akala bila mimi. Anasema kesho atakwenda mwenyewe kumwambia jaji kwamba nina uongo wa kuzaliwa nao, wa upande wa mama.

La pili. Katika hesabu zangu zote nilimsahau mke wa Alban. Miaka ishirini hii anayekanda unga ni Glenda. Kazi ya Alban ni kubeba trei na kupiga soga. Leo Glenda kauza pande zote mbili za barabara. Tanuri langu limepoa mpaka kuku wa shangazi anaanza kulitazama kwa macho ya mpangaji.

Nimekaa benchi la jamaa peke yangu, benchi la watu kumi. Bwana Crosney alitoa ushahidi akiwa na bandeji kichwani. Miezi saba. Hiyo ni kofia, si bandeji.

Mapumziko ya mchana askari magereza akaniuliza chakula cha mshtakiwa kiko wapi, jamaa ndio huleta. Mfukoni nilikuwa na nusu ya mkate mtamu. Nusu nyingine nilikwisha kula kesi ikiendelea. Nikampa. Verlyn akaupokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, kaka."

Nikatoka nje kusoma tangazo ukutani. Lilikuwa la mwaka jana. Nililisoma lote.

Ijumaa, 10 Oktoba

Shangazi Eudine alikuja kweli. Kofia ya Pasaka, kikapu mkononi, fimbo. Akaingia katikati ya maneno ya mwendesha mashtaka, aliyekuwa akisema mshtakiwa ni mtu wa hasira, hana nyumba wala jamaa wa kumtuliza, na akiachiwa ataelekea wapi.

Shangazi akasimama kwenye njia ya katikati. Akamtazama Verlyn. Gauni la kuazima, shingoni limeshikwa kwa pini. Akamtazama kwa muda ambao mimi niliona ni wiki. Jaji akamuuliza mama ana shida gani. Nikafumba macho.

Shangazi akasema, "Nataka huyu asogee."

Nikasogea. Akakaa.

Mchana akafungua kikapu. Shelisheli la kuchoma, samaki wa chumvi, chai ya kakao kwenye chupa. Vyote vya Verlyn. Mimi nilipewa kifuniko nishike. Akamwambia Verlyn ale ashibe, maana amekonda kama anadaiwa na upepo. Verlyn akacheka. Mara ya kwanza naona meno yake.

Njiani nikauliza kwa upole. Je, baba aliwahi kweli? Shangazi akasema kaka yake alikuwa na dhambi zake, anazijua zote, na hii haimo. Sasa mbona hakumwambia jaji? Akanijibu, "Umeshamwita mtu dada mbele za watu, naye ameitika. Tumwambie nini sasa, kwamba ulikuwa unatafuta kuuza mkate?"

Kwa kweli ndicho nilichokuwa natafuta.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana nilioka. Wateja wengi, ila hawakuja kwa mkate, walikuja kuniuliza habari za baba. Wazee wawili wanamkumbuka akienda wilaya ya St. Patrick kwa baiskeli kila Alhamisi. Mmoja anamkumbuka hata mwanamke mwenyewe. Mrefu, anasema, gauni la kijani, sauti nzuri. Nilimsikiliza kwa heshima. Huyo mwanamke nimemtunga mimi, Jumatano, mahakamani, bila gauni lolote. Lakini kufikia saa nne nilianza kumwona.

Hofu yangu ni nyingine. Verlyn akipatikana na hatia anarudi gerezani miaka, na aliye mwenyekiti wa wanaoamua ni Alban, ambaye hanipendi. Je, akimfunga dada ili kumkomoa kaka? Nikapata mpango. Nikaoka keki ya matunda, nikaiacha mlangoni kwake bila jina, nikakimbia. Nina magoti mabovu, kwa hiyo nilitembea haraka.

Baada ya dakika kumi Glenda akairudisha. Ujumbe: mwenyekiti wa baraza haruhusiwi kupokea kitu kutoka kwa familia ya mshtakiwa. Na hata angeruhusiwa, wao si mabaharia, nanga hawaihitaji, hamira hakuna humo ndani.

Alban mwenyewe alisimama nyuma ya pazia. Tumbo lilionekana.

Jumanne, 14 Oktoba

Hana hatia. Wote tisa kwa kauli moja. Alban alitangaza mwenyewe, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Kijiji kinasema ni mimi niliyemnong'oneza wakili habari za sufuria. Watu wamenishika mkono barabarani. Nesi wa zahanati ameniita Bwana Modeste. Sijakanusha. Mtu ukimkatiza mwenzio anapokusifu, ni utovu wa adabu.

Jumatano, 15 Oktoba

Shangazi Eudine amelisoma daftari hili. Anasema ama niandike ilivyokuwa, ama nikale kwa Glenda. Basi ilivyokuwa ni hivi.

Wakili wa Verlyn, binti mdogo kwa umbo ila si kwa akili, aliomba sufuria liletwe. Wakalibeba polisi wawili. Lilikuwa lile la chuma la kupikia pilau ya watu arobaini. Akamwomba Bwana Crosney aoneshe, kwa mkono mmoja kama alivyoapa, jinsi Verlyn alivyoliinua juu ya kichwa chake yeye Crosney, aliyempita Verlyn kimo kwa vichwa viwili. Crosney akajaribu. Sufuria likafika magotini. Akajaribu tena, kifungo cha suruali kikaruka mpaka kwa karani, na bandeji ikashuka ikafunika jicho. Chini ya bandeji hapakuwa hata na kovu. Baraza lilitoka, na chai yao ilikuwa bado ya moto waliporudi.

Haya yote nimesimuliwa. Mimi nilikuwa usingizini. Nilikuwa nimeamka saa nane za usiku kukanda, nikalala kwenye bega la shangazi, mdomo wazi. Nikaamshwa na makofi, nikadhani tuko kanisani, nikasema Amina. Jaji alinitazama juu ya miwani. Sikumnong'oneza mtu yeyote kitu chochote.

Na lililo gumu zaidi. Nje, kwenye ngazi, Verlyn alisimama na mali zake zote kwenye mfuko wa nailoni. Nikaona sasa ni wakati. Nikaanza kumwambia kwamba siku ile, kuhusu baba, yaani ukweli ni kwamba. Akanikatiza.

"Kaka gani anasoma jina la dada yake kwenye karatasi?"

Alijua tangu dakika ile. Akasema miezi saba hakuna aliyesimama kwa ajili yake, hata kwa makosa. Nikasimama mimi, mwongo, tena wa kuonekana wazi, masikio mekundu. Akajisemea, ngoja nione atanidanganya mpaka lini. Siku ya pili nikaleta nusu ya mkate. Siku ya tatu nikaleta shangazi.

Nikamuuliza anakwenda wapi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Shangazi Eudine akasema kitanda kimetandikwa tangu Ijumaa, kilichobaki ni kujua nani anabeba mfuko.

Niliubeba mimi. Ulikuwa mwepesi mno kwa mtu wa miaka arobaini na mmoja.

Leo amekanda yeye. Mikono yake si kama yangu, unga unamtii. Mkate uliisha saa moja na nusu. Kwa Alban ilibaki kumi na mmoja, na paka hakuwepo. Jioni Alban alivuka barabara, mara ya kwanza tangu mwaka wa kimbunga. Alinunua mmoja, akamwinamia Verlyn kidogo, suti ikalia mahali fulani, akaondoka. Kwangu mimi hakuinama.

Hapa ningefunga daftari. Lakini polisi wa kituo alipita saa kumi na barua. Kumbe niliruhusiwa kwa kesi ile tu. Kikao kinaendelea, natakiwa tena Ijumaa. Alban naye amepata yake. Kesi mpya: Osbert McLawrence wa kisiwa cha Carriacou, anadaiwa kuiba fahali.

Huyo McLawrence sijawahi kumwona maishani mwangu. Ila nimekaa nikafikiri, na nimeanza kukumbuka kwamba bibi mzaa mama aliwahi kwenda Carriacou kwenye harusi, akakawia wiki mbili nzima.

Verlyn amesoma haya juu ya bega langu, mikono imejaa unga. Anasema huyo naye akija, atalala kitandani kwangu, maana vingine vimejaa.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Safari hii sisemi kaka. Nasema binamu, tena wa mbali.