Wasifu wa Bura, Mtaalamu wa Nyasi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Baridi. Daktari amesema moyo wangu umechoka, kupanda milima basi. Nimepanda mtandaoni badala yake. Huko nimemkuta Alfredi, jirani yangu, mhadhiri mstaafu kama mimi. Ameweka wasifu wake wa kitaaluma: shahada, machapisho, picha akiwa na joho. Chini yake Hilaria wa Basotu ameandika, "Hongera sana." Hilaria! Tulisoma naye chuo kikuu, tukakusanya nyasi pamoja Hanang nzima. Mimi hajaniandikia neno tangu tumzike mke wangu. Kabla sijafa nataka asome wasifu wangu, aandike kitu. Kirefu kuliko cha Alfredi.

Jumanne, 10 Juni
Nimeanza: "Mimi ni bingwa wa nyasi." Nimefuta. Kwetu mtu hajisifu. Sifa zako husomwa na mwingine, siku ya mazishi, ukiwa umelala na huwezi kubisha. Nikapata hila: niandike kana kwamba anayesema ni mwingine. "Mwalimu Bura alizaliwa Dongobesh. Alifundisha. Alizipenda nyasi." Binti yangu Marieta, anayenishikia kompyuta, akasema, Baba, watu watadhani umekufa. Nikamjibu watadhani nina adabu. Wasifu tumeuweka mtandaoni; picha nimechagua ile ya suti, isiyo na rangi. Alfredi hana suti kama ile.

Alhamisi, 12 Juni
Alfredi amekuja na sukari ya rambirambi. Akanikuta nakunywa uji. Akauliza habari za ahera, kama huko nako wanastaafu. Akaondoka na sukari yake.

Lakini Hilaria ameandika. Mistari mingi! "Bura amekwenda bila kusema lile neno. Siku ile kando ya ziwa, mifuko imejaa nyasi, nilinyamaza makusudi ili aseme. Akanieleza habari za mizizi. Jumamosi nakuja kumzika."

Naikumbuka siku ile. Upepo ulikuwa unacheza na kitambaa chake cha kichwa. Nilitaka kumshika mkono, nikashika daftari. Baadaye kila mmoja akafunga ndoa kwingine. Nami kila nikisikia harufu ya nyasi mbichi nilikuwa nageuka, kama kuna mtu nyuma yangu.

Marieta anasema mpigie simu sasa hivi, ni aibu. Nikimpigia atajua mimi ni mzima. Hatakuja. Sipigi.

Jumamosi, 14 Juni
Amekuja. Kitenge cheusi, nywele nyeupe, mkononi kicha cha nyasi kavu za ziwani, za kuweka kaburini. Mimi kwenye kiti, blanketi magotini, suti ile ile. Akanitazama. Kisha akanichapa begani kwa kile kicha.

Akaketi. Akasema, mzee mwenzangu, umenitoa Basotu na baridi hii kuja kuzika mtu mwenye tai. Basi sema, niko hapa. Akanyamaza, vile vile kama kule ziwani.

Moyo ukaenda mbio, huo huo uliochoka. Nikafungua mdomo. Nikaona mbegu zimemwagika kwenye blanketi. Nikamweleza jinsi zinavyojipinda zikipata unyevu, mpaka zinajichimbia zenyewe ardhini. Nilieleza vizuri sana. Alimaliza chai yote. Mlangoni akaniambia, Bura, hata kufa hujui kufa.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Kicha nimekiweka kwenye chupa kando ya kitanda. Kinanukia Basotu.

Lile neno sasa ninalo. Fupi, halina mizizi wala mbegu. Nimelisema mara kadhaa kwa sauti, ukuta umesikia. Kilichobaki ni yeye kuja tena, na hawezi kuja bila sababu. Nimemwomba Marieta aongeze mstari mwishoni mwa wasifu: "Hali yake ilibadilika ghafla Jumapili." Amekataa. Nimempigia Alfredi. Amekubali kuuandika kwenye ukurasa wake, mradi nimwazime suti ya kuvaa mazishini.