Raia Wangu Wote Wamehamia kwa Bi Zuhura

Leo nimeaibika, tena mbele ya wapiga kura wangu. Nawaandikia hapa kwenye kundi mapema, maana habari ya Sumbawanga inafika Namanyere kabla ya basi.

Mnanijua. Darasa la saba, nilianza na baiskeli na magunia mawili, leo nina ghala na lori. (Lori moja, lakini refu.) Leo wafanyabiashara wa nafaka tulikuwa tunachagua mwenyekiti wa soko. Wagombea wawili: mimi, na Bi Zuhura mwenye duka linalotazamana na langu.

Sasa, binti yangu Neema ana mchezo kwenye simu. Miji miwili yenye uhasama, mazimwi, wachawi, na kila mji una mtawala wake. Nimeucheza mwezi mzima. Nikawaza, hotuba ya nini? Watu waone kwa macho ninavyoongoza. Asubuhi nikaunganisha mchezo na televisheni ya dukani, miji yote miwili ikaonekana. Nikawaita wapiga kura. Nikamwita na mpinzani wangu.

"Shika simu ya Neema, dada, utawale mji wa pili."

"Mimi hata kuucheza sijui, kaka."

"Ndiyo maana nimekuita."

Watu wakacheka. (Wakati huo walikuwa bado wanacheka upande wangu.)

Mchezo ukauliza mji utawaliwe vipi. Nikachagua mtawala mmoja. Ghala langu nililijenga bila kikao. Bi Zuhura akachagua baraza, akawageukia waliokaa juu ya magunia. "Jamani, tuanze na nini?"

"Ghala," akajibu Mzee Wilbroad, mzee wetu wa soko na msimamizi wa kura.

Mimi nikaanza na ukuta. Kisha sanamu yangu, ndefu kuliko mnara wa kanisa. Kisha nikanunua zimwi la kulinda lango. Mavuno yakaja, mahindi tele, na ujumbe ukatokea: mji wa pili unataka kununua chakula. Bei nzuri mno. Jamani, mimi ni mfanyabiashara.

"Unauza yote, kaka?" Bi Zuhura akauliza kwa upole.

"Bei ikipanda unauza, dada. Jifunze."

Nikajenga sanamu ya pili. (Ya kwanza pua haikutoka vizuri.)

Ukaingia msimu wa njaa. Televisheni ikaandika kwamba raia wangu hawana chakula. Nikabonyeza kununua. Mwenye mahindi alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekaa mbele yangu anakunywa chai yangu.

Akaliuliza baraza lake, "Tumuuzie?"

"Hapana. Fungua lango, watu wake waje kula huku," wakasema. Wapiga kura wangu hao.

Raia wakaanza kutoka. Mstari mrefu, mikeka kichwani, watoto mgongoni, wanapita chini ya sanamu bila hata kuitazama. Wa mwisho kutoka alikuwa zimwi. Zimwi nililolinunua mwenyewe.

Mzee Wilbroad akavua kofia. "Mwanangu, kila mavuno si wewe unayewagombeza wakulima hapo nje, wasiuze yote, wabakize ya kula?"

"Ndiyo mimi, mzee."

"Na wakishagombezwa, anayeyanunua hayo yote ni nani?"

Nikajifanya natafuta chaja.

Kura zikapigwa hapo hapo, dukani kwangu, juu ya magunia yangu. Matokeo sitayataja. Niseme tu kwamba kura yangu niliitambua kwa mwandiko, na haikuwa na mwenzake.

Mwenyekiti Zuhura tayari amenipa kazi: kusimamia akiba ya chakula ya soko. Anasema mtu aliyekwisha kuulaza mji mzima njaa hawezi kurudia. Nimekubali. Kazi nitaiweza, hilo msiwe na wasiwasi.

Ila naomba mtu asinicheke. Na mkifika dukani, mwambieni Neema awaonyeshe ukuta. Hauna mtu ndani, lakini ukuta ule umenyooka.