Vita Vyangu na Aoko wa Vitunguu

Kwa Mheshimiwa Kang'ethe,
Membley, Ruiru.

Mheshimiwa,

Natumaini koo lako limepona baada ya zile kelele ulizotupigia kwenye harambee ya kanisa letu. Mimi ni Waithira, Mama Kui, ninayepika githeri ya mahindi na maharagwe, na chapati, hapa Kiandutu, Thika. Ulituambia tukikupa kura utahakikisha serikali inawakunjia majirani uso, inafunga mpaka na kupeleka wanajeshi, na hapo vitunguu vinavyotoka Tanzania vitashuka bei kwa woga. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Sikungoja uchaguzi; nilianza kutekeleza sera yako hapa sokoni. Sasa nina malalamiko, na wewe ndiwe kamanda wangu.

1. Aoko, anayeniuzia vitunguu, hakuogopa. Nilisimama mbele ya meza yake na mwiko mkononi, nikamtangazia kwamba kuanzia leo bei napanga mimi. Akaniangalia, akasema, "Mama Kui, uko sawa kweli?" Kisha akachukua vile vitunguu viwili vya nyongeza ambavyo hunipa kila asubuhi, akavirudisha kwenye rundo. Kwa hiyo vita vilipoanza, bei ilibaki ileile na vitunguu vikapungua. Hilo hukulitaja kanisani.

2. Nikamwekea vikwazo. Nilitangaza kwamba Aoko hatakunywa chai yangu tena. Ilikuwa hatua kali, ila Aoko ndiye aliyekuwa akinunua vikombe vingi kuliko mtu yeyote sokoni. Mourine wa nyanya akamuunga mkono, akakata nyongeza yangu. Wa sukuma wiki akafuata. Mimi sikujua kwamba adui huwa na marafiki. Wewe uliyesoma, nilidhani unajua.

3. Wananchi wangu hawana uzalendo. Nilianza kupika githeri bila kitunguu, na chapati nikazipunguza upana ili zigharamie vita. Philip, anayebeba mizigo kiwandani na kula kwangu kila siku, aliishika chapati yake akaitazama pande zote mbili. "Hii vita ni yako na Aoko," akasema, "sasa mbona ni mimi nalala njaa?" Nilimweleza kwamba anajitolea kwa ajili ya taifa. Akahamia kibanda cha pili pamoja na wenzake. Mheshimiwa, sufuria inarudi nyumbani imejaa, watoto wangu wanakula githeri hiyo asubuhi na jioni, na naogopa kibanda kitafungwa. Hapo sifanyi mzaha.

Kwa heshima, basi, naomba wanajeshi. Kikosi kidogo kitatosha kuulinda mwiko. Tafadhali niambie pia watakula wapi, na mafuta ya lori lao yatalipwa na nani, maana tukiyalipa sisi, itabidi vitunguu vishuke bei sana ndipo tuione faida. Na kwa kuwa kamanda hula na jeshi lake, njoo uketi kwenye benchi langu ule githeri bila kitunguu, umalize sahani. Tukishindwa hata hapo, napendekeza tumvamie anayelima mahindi, kisha muuza makaa, na ikibidi, yale mawingu yanayotunyima mvua.

Nisalimie Ngendo mkeo, watoto, na walinzi wa geti lenu.

Askari wako mtiifu,
Waithira (Mama Kui)

N.B. Kabla sijaituma barua hii, nilimpelekea Aoko kikombe cha chai, nikamwambia nimekosa. Alicheka, akanywa, akanipimia vitunguu kwa bei yetu ya zamani, na viwili juu bila kuombwa. Philip amerudi. Anayekuletea barua ni Aoko mwenyewe, kwani kila Jumamosi huuza hapo getini kwenu. Anasema katika Membley yote hakuna anayeongezewa kumshinda Ngendo, kwa sababu Ngendo humwita yeye dada na kumuuliza watoto wake wameamkaje. Kumbe vitunguu vya bei nafuu unavila kila siku. Muulize mkeo huwa anavipataje.