Tumbo Bora la Merigi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo kwenye kituo cha majani ya chai nimepata habari inayonifaa. Watu wa utafiti wamefika Merigi. Wanataka kujua vijidudu vinavyoishi tumboni mwa watu wanaokunywa mursik, maziwa yetu ya kuchacha ya kibuyuni. Watu elfu tano, kutoka Kericho mpaka huku kwetu Bomet. Wanachukua choo, wanachukua damu, wanasoma jeni, wanaangalia kinga ya mwili. Yote yanaingia kwenye kompyuta, na kompyuta inasema nani ana nini na kwa nini. Aliyetueleza ni Caren, binti wa Kiptere, amesoma sana na anazunguka na koti jeupe na kijokofu cha kubeba.

Kila kituo kitatoa boma moja la kufuatwa kwa miaka miwili. Watu wa boma hilo wataonwa na daktari wa viungo na kinga, hapa hapa, bila kungoja foleni ya Eldoret. Hapo nikaweka gunia chini nisikie vizuri.

Ni kwa sababu ya Rodah. Mke wangu vidole vimemvimba tangu mwaka juzi. Hospitalini walisema kinga yake imegeuka inamla yeye mwenyewe. Asubuhi hawezi kufunga kifungo cha sweta. Mimi ndiye ninayemfungia, na naruka vingine. Kuchuna majani ameacha kabisa, yeye ambaye alikuwa ananishinda gunia zima kabla ya saa nne. Daktari wa ugonjwa huo alimpa tarehe ya mbali mpaka tukadhani wamekosea mwaka.

Caren alisema watachagua boma ambalo vijidudu vyake ni vya aina nyingi na habari zake ni za kuaminika. Hiyo ya aina nyingi nimeishika.

Kepher alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Ni jirani yangu, mtu wa kule ziwani, anachochea kuni kwenye boila ya kiwanda cha chai na amekodi majani kidogo karibu na yangu. Akanigonga begani akaniambia, omera, ndugu yangu, hilo boma ni langu, tumbo la samaki omena na uji mchachu haliwezi kushindwa na tumbo la chipsi. Watu wakacheka. Sijui nani amemwambia habari za chipsi.

Jumatano, 5 Machi

Kesho Caren anakuja kuchukua mursik kutoka kwa kibuyu chetu. Nikakichungulia. Aibu tupu. Ndani ni cheusi kama dari la jikoni. Kibuyu hicho Rodah alipewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake alipewa na nyanya. Hakijawahi kuona sabuni tangu kilipokuwa kwenye mmea wake. Wanawake wanakisugua tu na mkaa wa mti wa senetwet halafu wanasema kimekuwa safi. Wageni wa sayansi waje waone masizi ya vizazi vitatu? Kwangu mimi Jonah?

Rodah alikuwa kwa maombi ya kina mama. Nikachemsha maji. Nikatia sabuni ya unga na ile dawa ya kutoa madoa kwenye nguo nyeupe. Nikasugua saa nzima, nikamwaga, nikarudia, nikaanika kwenye jua. Kikanukia kama shuka la hospitali. Kisha nikatia maziwa mapya na kukirudisha mahali pake.

Kepher hajui hata kibuyu ni nini. Kwake maziwa yanakaa kwa jagi.

Alhamisi, 6 Machi

Caren alifungua kibuyu, akanusa, akakifunga. Akauliza nani amekiosha. Nikasema ni mimi, kwa mikono yangu. Halafu akaniambia kwa heshima, mzee, vile vijidudu tulikuwa tunatafuta vilikuwa vinaishi kwa huo weusi. Vilikuwa vya mama na vya nyanya. Akasema wana vibuyu mia tatu vya kulinganisha na chetu kingekuwa kati ya vile vya zamani zaidi. Sasa kimekufa.

Rodah alikipakata kibuyu kama mtoto mwenye homa, akaingia nacho jikoni, akafunga mlango. Nikamwambia kupitia mlango kwamba usafi ni nusu ya afya. Akauliza ile nusu nyingine nimeiacha wapi. Chakula nilijipakulia mwenyewe, na kilikuwa kimepoa.

Jua halijatua, habari imefika kwa Kepher. Alipita kando ya ua akauliza kama nitapata nafasi ya kumfulia shati la kanisani.

Lakini bado mambo hayajaharibika. Caren alisema kilicho tumboni mwa watu kina uzito kuliko kilicho kibuyuni. Ametuachia vikopo viwili vyenye stika za namba. Changu 0417, cha Rodah 0418. Kila mtu aweke choo chake asubuhi ya Jumamosi, afunge, alete zahanati, na damu itatolewa huko huko. Alirudia mara tatu kwamba kila mtu alete chake mwenyewe, na kila mara alikuwa ananiangalia mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Jana nzima nikichuna majani nilikuwa nawaza. Rodah anakula mboga za managu, maharagwe, ndizi, viazi vitamu na mursik kila siku. Tumboni mwake lazima mmejaa kama Bomet siku ya soko. Na mwangu je?

Wacha nikubali hapa ambapo hakuna mtu anasoma. Kila nikipeleka majani napitia kwa hoteli pale Merigi. Chipsi na soda. Rodah anajua niliziacha tangu Krismasi. Na mafua yakinishika tu nanunua kwa kemisti vile vidonge vya rangi mbili, nameza vinne, vingine naweka kwa kabati kungoja mafua yajayo. Nilimeza juzi tu. Caren alisema vidonge hivyo vikiingia tumboni vinafagia vijidudu vyote, vizuri na vibaya. Basi mimi nimefagiwa.

Nikapima. Jina la baba wa boma ndilo la kwanza kwenye fomu. Wakikuta cha kwanza ni kizuri, cha pili watakipitia haraka, kama mwalimu aliyechoka kusahihisha. Tena Rodah ni mgonjwa. Nani anategemea mgonjwa awe na tumbo zuri? Wakiona lake ni bovu watamhurumia zaidi na daktari atakuja mbio. Kila upande ni faida.

Rodah alipoenda kubadilisha nguo nikashika vikopo vyetu, vikiwa tayari vimefungwa, juu ya mvuke wa birika. Stika zikabanduka bila shida. 0417 ikaenda kwake, 0418 ikaja kwangu. Nikazipiga pasi kwa kidole gumba.

Zahanati tulimkuta Kepher na Syprose mkewe kwenye benchi. Kepher alikuwa amebeba kikopo chake ndani ya mkebe wa chakula. Nikamshauri asisahau mkebe ni wa nini ikifika mchana. Syprose alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitoa damu bila kukunja uso.

Jumatano, 23 Aprili

Wiki sita za kungoja, na leo simu. Daktari Atuti, mama mkubwa wa utafiti, anatuita kesho. Mimi na Rodah, wote wawili. Hakuita mtu mwingine kutoka kituo chetu. Nimeuliza wote.

Nimepiga suti pasi. Kwenye kituo nimewaambia watu waanze kuzoea kuniita mwenyekiti wa matumbo. Kepher alisema atangojea. Nikamwambia kushindwa ni sehemu ya maisha na atazoea.

Jioni Rodah alijaribu kumenya viazi akaacha. Akakaa na mikono kwenye maji ya vuguvugu. Akasema kama daktari huyo atapatikana, labda mwezi wa saba atarudi kuchuna, hata kama ni kikapu nusu. Nilimenya viazi vyote. Nampenda sana huyu mwanamke na nimemfanyia jambo kubwa ambalo hajui.

Alhamisi, 24 Aprili

Amejua.

Daktari Atuti ni mama mfupi wa miwani, hana haraka. Aligeuza kompyuta tuone. Nukta nyingi za rangi, elfu tano, kila nukta ni tumbo la mtu. Akaonyesha moja nzuri iliyokaa peke yake. Akasema hii ni 0417, ni tumbo tajiri, hawajaona mengi kama haya Bomet nzima. Nikanyanyuka nusu nikitaka kutoa mkono.

Akasema nikae. Kwenye choo kuna jeni za mwenye choo pia, na za kila mtu ni zake peke yake. Na jeni za 0417 ni za mwanamke. Damu yenye namba hiyo hiyo ni ya mwanaume.

Nikasema kompyuta hukosea. Akasema hii imelinganisha watu elfu tano na imekosana na mmoja tu. Nikasema labda ni upepo ulipeperusha stika. Caren akakohoa. Nikasema pia kwamba katika ukoo wetu kuna mambo mengi hayajulikani. Hapo Daktari Atuti akafungua 0418. Mwanaume, akasema. Aina za vijidudu ni chache sana. Amemeza dawa za kuua bakteria karibuni, na bila shaka si mara ya kwanza. Mboga ni kidogo. Vinavyoongezeka ni vile vya mtu anayeishi kwa mafuta na sukari.

Rodah akageuza shingo polepole. Akauliza, chipsi?

Nikasema ndiyo. Nikasema yote, mvuke wa birika, stika, mafua. Sijawahi kuona aibu kama ile. Daktari akasema sheria yao ni moja: boma likileta uongo linatoka, kwa sababu uongo wa mtu mmoja ukiingia huko ndani unaharibu hesabu za wengine wote. Boma letu limetoka. La kituo chetu ni la Kepher.

Nikamwangalia Rodah. Alikuwa ameingiza mikono chini ya lesso. Ningeomba ardhi ipasuke lakini hata hiyo sistahili.

Yeye ndiye aliyeongea. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba kikopo chake alipokifunga kilikuwa na ukweli. Njia ya mwongo ni fupi, akasema, na ya huyu mzee haikufika hata langoni, lakini yeye Rodah hakuwa naye safarini. Kisha akatoa mikono akaiweka mezani. Daktari akaishika, kidole kimoja kimoja. Alichukua muda mrefu.

Akasema kompyuta imewaona watu sitini wenye viungo kama hivi, na hata matumbo tajiri kati yao yanakosa kundi moja la vijidudu. La Rodah pia halina. Yeye daktari ana nafasi ya kumwingiza Rodah peke yake kwa kundi hilo la wagonjwa, na daktari wa viungo atamwona kuanzia mwezi wa tano. Lakini lazima kuwe na mtu mzima mwenye afya anayekula chungu kimoja naye, wa kulinganishwa. Nyumbani tuko wawili tu.

Kwa hivyo ni mimi. Nilete kikopo kipya Jumatatu. Nile kama kawaida, nisiongeze, nisipunguze. Kikileta uongo tena, Rodah anatoka na hakuna mara ya tatu. Daktari akaniuliza kama nimeelewa. Rodah akaniuliza kama nimeelewa. Caren aliniandikia kwenye karatasi.

Njiani Rodah alitembea mbele. Tulipofika kwa Kepher, jirani alikuwa langoni na maneno yake tayari mdomoni. Alipoona uso wa Rodah akayameza. Akamsalimia vizuri, akamwambia Syprose amempikia uji. Hata mzaha sikupata.

Jumapili, 27 Aprili

Kanisani nimeomba msamaha mbele za Mungu na baadaye mbele ya Rodah, ambaye ni mgumu zaidi. Amesema ataona kesho. Amenipa kikopo mwenyewe. Nilimfungia sweta na leo sikuruka kifungo hata kimoja. Akaniambia, Jonah, mara hii moja tu, fanya ulivyoambiwa. Nikamwahidi. Nilikuwa namaanisha kabisa.

Mchana nikakaa chini ya paa la zizi, nikaanza kufikiri. Daktari alisema mtu mzima mwenye afya. Hayo ni maneno yake, Caren aliyaandika, karatasi ninayo. Sasa mimi ni mtu mwenye afya? Mwenyewe alisoma pale, nimefagiwa, nimejaa mafuta na sukari. Wakimlinganisha Rodah na mimi, watajifunza nini? Watamtibu wakitumia mfano mbovu. Apewe dawa isiyo yake kwa sababu ya tumbo langu? Mume gani anayeruhusu hayo?

Omosa wa bodaboda hajawahi kumeza kidonge maishani. Anakula wimbi, kunde na kila kitu kinachoota. Nimempigia simu. Alishangaa kidogo lakini nikamweleza ni kwa ajili ya Mama Kipkemoi, ndivyo anavyomwita Rodah, na yeye anamheshimu sana mke wangu. Amekubali. Kesho saa kumi na mbili kamili asubuhi atapitia kwa ua wa nyuma ajaze kikopo.

Na safari hii haiwezi kuharibika, kwa sababu makosa yangu ya kwanza nimeyachunguza na nimeyaelewa. Nilichukua cha mwanamke. Omosa ni mwanaume.