Picha ya Ndoa Yenye Furaha

Jumatatu, 12 Mei 2025
Uchaguzi wa mwenyekiti wa ushirika wa wanandoa kanisani ni Jumapili. Mpinzani wangu ni Naftaly, mtu asiyejua hata kufunga tai. Silaha yake? Anamshika mkewe Akoth mkono hadi mlangoni mwa kanisa! Mimi, mke wangu Mama Bravin ananiacha nyuma hatua kumi. Tangu tumzike mama yake mwezi wa pili, analala chumba cha Bravin, aliye shule ya bweni. Eti kwa sababu wakati wa kuwashukuru waombolezaji niliwaomba kura za bodi ya shule. Kweli niliomba. Watu mia tatu wamenyamaza wakikusikiliza, utawapata wapi tena?

Jumatano, 14 Mei
Mpango umeiva. Nitampeleka Mama Bravin kisiwani, Naivasha, kutwa nzima, nipige picha za mapenzi za kutuma kwenye grupu la kanisa. Msimu huu wa mvua wageni hakuna, kwa hivyo hakuna wa kutuona tukinuniana. Nilipomwambia, akauliza kama ni sisi wawili tu. Nikasema ndiyo. Akaenda kupiga pasi gauni lake la buluu. Nilijisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Jumamosi, 17 Mei
Balaa! Kisiwa kitupu, nyasi zimelowa, twiga wanatutazama kama wazee wa kanisa. Nilimsimamisha mbele ya pundamilia mara kumi na mbili. Tabasamu hakuna. Mwishowe akasema, bila hasira, "Baba Bravin, tangu tushuke kwa boti hujaniuliza hata kama nasikia baridi." Nikamwomba asogee kushoto, jua lilikuwa linatoka.

Na nani hao kwenye mkeka? Naftaly na Akoth, wanakula mahindi ya kuchemsha! Eti huja kila mwaka wakati wa mvua, kwa sababu kumetulia. Hata simu hawajatoa. Akoth akamfunika Mama Bravin shuka, akamuuliza habari za marehemu mama yake. Mama Bravin akalia. Halafu akakumbuka kitu, akacheka! Kicheko hicho sijakisikia tangu mazishi. Nikatamani kwenda kukaa karibu naye. Lakini mwanga ulikuwa mzuri. Nikapiga.

Jumapili, 18 Mei
Nilimkata Akoth kwenye picha. Ulibaki mkono wake tu begani mwa Mama Bravin, watu wakadhani ni wangu. Nikaandika: Miaka kumi na tisa, bado namchekesha. Amina zilimiminika! Naftaly akajiondoa, akasema kiti hicho mimi nakihitaji zaidi kuliko yeye. Nimeshinda! Mama Bravin aliiona picha kwa simu ya Akoth.

Jumanne, 20 Mei
Ameenda kwa dada yake, Subukia. Alisimama mlangoni na begi, akaniambia, "Siku ile nilidhani umenitafuta mimi."

Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimekaa kwenye kitanda cha Bravin nikalia, na sioni haya kuandika hivyo. Nampenda huyu mwanamke.

Kwa hivyo nimekata shauri. Jumamosi naenda Subukia kumpigia magoti na kumwomba msamaha. Nimealika ushirika mzima, watu thelathini na sita, waje washuhudie. Mpiga picha atatangulia.