Kutekwa kwa Sura ya Saba

Sogeeni karibu, enyi mpendao habari za mashujaa, na mwenye kikombe mkononi akiweke chini, nikusimulieni jinsi Wahida binti Ghalib alivyoiteka sura ya saba ya riwaya ya Kimarekani katika mtaa wa Ghulail, mjini Jeddah, mwaka wa 1397 wa Hijra, wakati meli za saruji zilipojipanga nje ya bandari hata bahari ikaonekana finyu.

Wahida alisoma kwa njia ya posta, kwa shauku ya kuwa mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu Charles, Mkenya aliyekuwa Riyadh, alimpelekea riwaya ngumu kama ngome. Ilisimuliwa na ndugu wawili walioihama nyumba yao, na kila mmoja alijiita “mimi” bila kutaja jina lake. Swali likawa: sura ya saba inasimuliwa na nani, nawe umejuaje?

Wahida alishambulia mara ya kwanza, akajibu: ni kaka mkubwa, maana ndiye ahesabuye vyombo. Karatasi ikarudi kutoka Riyadh imejeruhiwa kwa wino mwekundu: “Sivyo. Ukikosa tena, utatolewa katika somo.”

Ndipo alasiri moja akamwendea shangazi yake, Bi Nunu mwenye sindano isiyopumzika, mshona kofia, asiyejua Kiingereza hata neno. Juzi yake alikuwa amemsomea sura ya sita, ya kaka mkubwa; sasa akamsomea sura ile kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, wala sindano haikusimama.

“Huyu ni mdogo,” akasema Bi Nunu.

“Lakini shangazi, anahesabu vyombo. Ahesabuye vyombo ni mkubwa.”

“Wote wawili wanahesabu, mwanangu. Lakini huyu asema birika la mama, kiti cha mama, ufagio wa mama. Yule wa juzi alihesabu nyumba nzima, na mama hakumtaja. Nawe umesema mama yao alibaki.”

“Alibaki, ndiyo. Na wewe umejuaje haya?”

Sindano ikasimama.

“Nina kaka wawili. Ami yako Haroub, yule mdogo, hata kijiko kwake ni kijiko cha mama. Baba yako, mkubwa wetu, tangu tutoke Unguja tukamwacha mama, hajamtaja kwa kinywa chake. Hutaja kabati.”

Wahida alikuwa ameisikia habari ya kabati lile kila Idi, miaka kumi na mitatu, na siku zote alidhani baba yake analilia mbao.  Kisha akaishika kalamu kama ashikaye upanga, akaandika: ni mdogo, kwa sababu mkubwa hawezi kumtaja mama.

Siku ya kumi na moja karatasi ikarejea. Mwalimu Charles alikuwa ameandika: “Sahihi. Wanafunzi wangu hulijua hili wafikapo sura ya kumi na mbili. Nani amekufundisha?”

Bi Nunu alisomewa maneno hayo mara mbili. Akauliza sura ya nane inaanzia wapi.

Waandishi wa zama zile waliandika habari za mapipa ya mafuta na barabara mpya, wakaisahau hii. Basi na iandikwe hapa kwamba sura ya saba ilitekwa katika Ghulail siku ya Jumatatu, kwa kalamu moja na sindano moja, na watu wote waliokuwa ndani yake walitoka salama, isipokuwa mama.